Robo gramu inayolifunga ziwa

Hotuba kwenye mahafali ya kidato cha nne, Kigoma

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wahitimu mliobanwa na tai chini ya turubai hili la Oktoba: itifaki imezingatiwa.

Nimepewa dakika 30. Mwalimu mstaafu akishikishwa kipaza sauti, dakika 30 huwa ni utangulizi tu, kwa hiyo nimemwomba katibu anyanyue kile kitambaa chekundu muda ukiisha. Juu ya meza hii nimeweka beseni la maji ya ziwa, sindano ya kushonea, kijiko cha mawese, kipande cha sabuni, na yai moja ambalo siwaambii limekaa siku ngapi. Walioketi mstari wa mbele naona wameshaanza kulitazama vibaya.

Mwaka jana niliitwa hapa kusaidia masomo ya jioni. Nikafundisha sura ya maji kama nilivyoifundisha maisha yangu yote: hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha, huchemka nyuzi 100, huganda nyuzi 0, nukta, andika. Kijana mmoja wa kiti cha nyuma, ambaye baba yake anavua kwenye mwalo wa Kibirizi, akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, ziwa letu la Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Baba na wenzake wanashusha nyavu mita mia hivi, wakizidi hapo hawapati kitu. Sasa huko chini kote kuna nini?"

Nikamjibu, "Kuna giza. Samaki nao wanaogopa giza." Darasa likacheka, nikageukia ubao.

Lile lilikuwa jibu la ovyo. Bahari zina samaki wanaoishi gizani kilomita nzima na zaidi. Ziwa Baikal kule Siberia lina mita 1,642, linalizidi letu, na viumbe wako mpaka sakafuni. Giza halikuwa jibu, na nilijua halikuwa jibu nilipokuwa nalisema.

Najua mnasubiri nimtaje Mpemba, basi nimtaje hapa hapa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba, kule Lushoto. Wakitengeneza aiskrimu, akatia mchanganyiko wake kwenye friza ukiwa bado wa moto, ukaganda kabla ya wa mwenzake ambaye hakuuchemsha. Akauliza kwa nini, akachekwa. Hakuacha kuuliza. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia aliyekuja kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, na huyo badala ya kucheka akaenda kupima. Makala yao ilitoka mwaka 1969. Wanasayansi wanabishana hadi leo kama jambo lile hutokea kweli na hutokea lini, nami sitawaamulia. Ninachojua ni kwamba mwaka jana nilikuwa upande wa waliocheka. Leo nimekuja kulipa deni.

Nianze na yai. Silipasui, msihame viti.

Harufu ya yai viza ni gesi iitwayo hidrojeni salfaidi. Ina atomu mbili za hidrojeni na moja ya salfa. Maji yana atomu mbili za hidrojeni na moja ya oksijeni. Ukitazama jedwali la elementi pale maabara, salfa imekaa moja kwa moja chini ya oksijeni, safu moja, kama ndugu wawili waliopangiwa kitanda cha juu na cha chini. Kwa hiyo maji na harufu ya yai viza ni mtu na binamu yake. Na kwa kawaida, kwenye ukoo wa namna hii, molekuli nzito ndiyo huchelewa kuchemka. Ya yai ina uzito wa 34, ya maji 18. Ya yai huchemka nyuzi 60 chini ya sifuri. Basi maji, yaliyo mepesi zaidi, yangepaswa kuchemka kwenye baridi kali kuliko hiyo. Ziwa lote hili lingekuwa mvuke, na sisi tusingekuwepo kulalamika kwamba bomba halitoi.

Hayachemki mpaka nyuzi 100 kwa sababu oksijeni ni mchoyo. Ikiungana na hidrojeni inazivutia elektroni upande wake, na hidrojeni zinabaki zimepungukiwa. Tena molekuli yenyewe haikunyooka kama rula, imepinda, pembe yake ni nyuzi 104.5, hivyo upande mmoja una chaji hasi kidogo na upande wa pili chanya kidogo. Matokeo yake kila molekuli inamshika jirani. Inaweza kushika majirani wanne kwa mpigo. Mnawakumbuka watoto wanavyocheza ukuti? Wameshikana mikono, wanazunguka, mmoja anaachia, mwingine anadaka, duara halivunjiki. Ndani ya beseni hili molekuli zinaachiana na kushikana mara mabilioni kwa sekunde moja. Salfa haina uchoyo wa kutosha, kwa hiyo ukoo wa yai hauchezi ukuti.

Yote nitakayosema kuanzia sasa yanatokana na kule kushikana. Nikipotea, nirudisheni hapo.

Tazameni sindano hii. Ni chuma, nzito mara saba na zaidi kuliko maji ya ujazo wake. Nailaza kwa kikaratasi... taratibu... karatasi inazama, sindano inabaki. Wa nyuma mtakuja kuona baadaye. Molekuli za juu ya maji hazina jirani wa juu wa kumshika, kwa hiyo zinawang'ang'ania wa pembeni na wa chini, na uso wa maji unakuwa kama ngozi ya ngoma iliyowambwa. Wale wadudu wenye miguu mirefu mnaowaona wakitembea juu ya madimbwi wanaishi kwa hilo.

Lakini sindano ni mchezo tu. Mtazameni mchikichi ule nyuma ya jiko. Kimo chake chaweza kufika mita 15. Fundi wa pampu yeyote atawaambia: bomba la kuvuta, hata likiwa jipya, hata injini iwe kubwa namna gani, halivuti maji kutoka kina cha zaidi ya mita 10, na hapa Kigoma tulivyo juu ya bahari ni mita 9 na kitu. Si pampu inayovuta, ni hewa ya nje inayosukuma, na hewa ina kikomo cha nguvu. Ndiyo maana kwenye visima virefu mashine inashushwa chini kabisa isukume kutoka huko. Mchikichi hauna mashine wala mafundi. Majani yanapoteza mvuke kileleni, na molekuli inayoondoka imemshika ya nyuma yake, hiyo imemshika inayofuata, mpaka mizizini, kamba nzima ya maji ndani ya vibomba vyembamba sana. Jua linavuta kamba kutoka juu. Kila chikichi lililowahi kuwapa mama zetu mawese limepandishiwa maji kwa namna hiyo, bila lita moja ya dizeli.

Na mawese yenyewe sasa. Namimina kijiko. Mnaona yanavyojikusanya juu, mekundu, kama hayataki kuguswa. Watu husema mafuta yanayachukia maji. Hapana, mafuta hayana ubaya na mtu. Hayana tu chaji ya kushikwa, na maji yanavyopenda kushikana yenyewe kwa yenyewe, yanawasukuma nje wasiojua mchezo.

Jambo hilo limeokoa meli mnayoijua nyote. Mwaka 1916, vita ya kwanza ya dunia ikiwafikia huku, Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen karibu na mlango wa mto Malagarasi ili isitwaliwe na adui. Mafundi waliopewa kazi hiyo waliipenda mashine kuliko amri. Kabla ya kuizamisha waliipaka injini grisi nzito kila mahali. Mwaka 1924 Waingereza walipoiinua, injini ilikuwa bado inafaa. Miaka karibu minane chini ya maji! Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na wazee wengi walioko hapa wamewahi kulala juu ya magunia yao humo ikielekea Mpulungu, Zambia. Tabaka la grisi ndilo lililosema na maji: hapa huna wa kumshika.

Mama zetu wanaopika sabuni ya mawese wanajua njia ya kuvunja ugomvi huo, ingawa hawaandiki fomula. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mkia unaingia kwenye doa, kichwa kinabaki nje kimeshikwa na maji, suuza, doa linaondoka na maji yake. Sasa wahitimu wa baiolojia wasikilize hapa. Utando unaozunguka kila seli ya miili yenu umejengwa kwa molekuli za aina hiyo hiyo, zenye kichwa na mikia, zilizojipanga safu mbili: mikia imefichana katikati, vichwa vinatazama maji ya nje na maji ya ndani. Hakuna aliyezipanga. Zikitiwa majini zinajipanga zenyewe, kwa sababu maji yanaifukuza mikia. Pasingekuwa na maji, pasingekuwa na ndani na nje, na kiumbe asiye na ndani na nje si kiumbe.

Kwa vitu vyenye chaji, maji ni mwenyeji mwema kupita kiasi. Chumvi ukiitia majini, sodiamu inazungukwa upande mmoja, kloridi upande mwingine, zinatenganishwa na kubebwa. Damu yenu ni maji yaliyobeba mizigo. Ubaya ni kwamba maji hayachagui abiria. Hapa nitawakumbusha jambo ambalo wengine mlikuwa wadogo: mwaka 2015, ndugu zetu wa Burundi walipokimbilia Kagunga kwa makumi ya maelfu, kijiji kidogo kati ya mlima na ziwa, wakinywa maji ya ufukweni na kujisaidia mahali hapo hapo. Kipindupindu kikaingia, maelfu wakaugua. Liemba niliyoitaja ndiyo ilikuwa inakwenda na kurudi kuwatoa.

Kipindupindu hakiui kwa kula nyama ya mtu. Kinaua kwa kumwaga maji. Sumu ya bakteria inailazimisha seli ya utumbo kumwaga chumvi nje, na maji yanaifuata chumvi, maana wameshikana. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Ukimpa maji matupu yanapita. Ukimpa maji ya chumvi peke yake, nayo yanapita. Lakini ukutani mwa utumbo kuna mlango mmoja ambao bakteria hawajaugusa, na mlango huo haufunguki mpaka sodiamu na sukari ya glukosi zifike pamoja, kama zile hati za benki zinazotaka sahihi mbili. Zikiingia pamoja, maji yanazifuata ndani.

Mwaka 1971 kulikuwa na kambi ya wakimbizi Bangaon, India, watu waliotoka Bangladesh ya sasa, na kipindupindu kimewaka. Chupa za dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya chumvi na glukosi kwenye maji, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Paketi ya ORS mnayopewa zahanati ni mtoto wa vikombe vile. Na paketi ikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha juu, bila kurundika. Andikeni hilo, hata kama hamtaandika kingine. Msizidishe chumvi kwa kudhani ndiyo dawa, inadhuru.

Naona katibu anakitazama kitambaa. Bado, ndugu yangu.

Joto. Mchana wa leo mchanga wa Kibirizi unaunguza nyayo, na hatua tatu mbele yake maji ni vuguvugu tu, ilhali jua ni moja. Kupasha kilo ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji joto karibu mara tano ya kilo ya mchanga mkavu, kwa sababu sehemu kubwa ya joto inatumika kuvunja mikono iliyoshikana kabla haijaongeza mwendo. Nchi kavu ikiwaka, hewa yake inapanda, na ya ziwani inakuja kushika nafasi, ndiyo ule upepo wa alasiri. Usiku nchi inapoa haraka, ziwa linakataa kupoa, na upepo unageuka kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mvuvi wa taa anautumia kila jioni bila kuwaza kwamba anaendeshwa na ukuti.

Na ili molekuli itoke kabisa, iwe mvuke, lazima iachiwe na wote. Gharama yake ni kubwa mno. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi inaondoka na joto ambalo lingeupandisha mwili wa kilo 70 kwa nyuzi kama 10. Fikirieni: nyuzi 37 kuwa 47. Tusingefika jioni. Lakini likauke, nasema. Jasho linalodondoka chini halikupozi, limekulowesha shati tu, ndiyo maana siku ya mawingu mazito kabla ya mvua tunahema zaidi kuliko siku ya jua kavu. Mtungi wa bibi unafanya kazi hiyo hiyo kwa vitundu vya udongo wake, na muuza samaki akitaka kupeleka migebuka mbali analipa deni hilo kwa barafu: kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza joto la kutosha kuipandisha kilo ya maji kutoka 0 hadi 80.

Ziwa nalo linatoka jasho. Novemba 1871, baada ya kukutana Ujiji, Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi kwenda kaskazini kuona kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wakakuta unaingia. Wazungu wa wakati ule walihangaika sana kutafuta mlango wa ziwa hili. Mlango upo, ni Lukuga, upande wa Kongo, lakini ni mdogo. Zaidi ya sehemu 90 kwa 100 ya maji yanayoondoka Tanganyika yanaondokea juu, hewani. Wangeutafuta mlango kwa kuinua macho.

Sasa nimfikie kijana wa Kibirizi.

Maji yakipata joto hutanuka, yanakuwa mepesi, yanakaa juu. Ukioga ziwani mchana unajua: kifua vuguvugu, nyayo baridi. Lakini hayatanuki kwa hatua sawa. Yanakuwa mazito kuliko yote yakifika nyuzi 4. Chini ya hapo yanaanza kuwa mepesi tena, na yakiganda molekuli zinajipanga kwa nafasi, kila moja na majirani wake wanne, ndiyo maana barafu huelea na soda iliyosahaulika kwenye friza hupasua chupa. Karibu na nyuzi 4, basi, joto halibadilishi uzito sana. Pima lita ya maji ya nyuzi 4, kisha lita ya nyuzi 5: ya pili imepungua gramu 0.008. Huwezi kuiona hata kwenye mizani ya sonara. Rudia hapa kwetu, lita ya nyuzi 24 na lita ya nyuzi 25: imepungua robo gramu. Joto limeongezeka nyuzi moja pale pale, uzito umepungua mara 30 zaidi.

Baikal iko Siberia. Maji yake ya kina kirefu ni nyuzi 3 na kitu, kutoka mamia ya mita hadi chini, yote yana karibu uzito mmoja. Upepo na majira vinaweza kuyageuza, oksijeni inashuka mpaka sakafuni, na viumbe wako huko. Ziwa letu juu ni nyuzi 26 au 27, na kule chini nyuzi 23 na nusu. Tofauti ya nyuzi tatu. Mtu aliyezoea maziwa ya baridi angesema hiyo si tofauti. Kwa uzito haifiki gramu moja kwa lita. Lakini zidisha hiyo kwa ziwa la urefu wa kilomita 670, halafu mwambie upepo ayanyanyue maji mazito ya chini ayachanganye na mepesi ya juu. Hawezi. Ziwa limekaa matabaka, kama mawese juu ya mchuzi wa migebuka ambao hakuna aliyeukoroga.

Oksijeni inaingia kwa juu, kutoka hewani na kwa mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Chini inashuka takataka tu: mimea iliyokufa, samaki waliokufa, vinyesi. Vinaoza, na kuoza kunakula oksijeni mpaka inaisha. Kati ya mita 100 na 200 hivi, kutegemea uko kaskazini au kusini mwa ziwa, imekwisha. Na bakteria wasio na oksijeni wanageukia salfa iliyoyeyuka majini, wanapumua kwa hiyo. Mnakumbuka wakipumua kwa salfa wanatoa nini? Eeh. Yai.

Hilo ndilo jibu, mwanangu, nilipaswa kukupa mwaka jana. Huko chini kote, zaidi ya mita elfu, kuna maji yasiyo na pumzi, na ndani yake amekaa yule binamu wa maji anayenuka. Baba yako haogopi giza. Samaki wake wamekaa juu ya dari la chumba ambacho hawawezi kuingia.

Na chumba hicho ni ghala. Mbolea zote zilizozama, fosforasi, naitrojeni, zimelundikana humo. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusi unayasukuma maji ya juu kuelekea kwetu kaskazini, na kule kusini maji ya chini yanapanda kidogo kujaza pengo, yanabeba mbolea. Upepo ukikatika, mpaka wa matabaka unaanza kupanda na kushuka kama mizani iliyoguswa, mzunguko mmoja karibu mwezi mzima. Mbolea ikifika kwenye mwanga, mimea midogo inachipua, vijidudu vinaila, dagaa wanavila, migebuka wanawala dagaa, nasi tunawala wote. Chakula chetu kinategemea mlango wa ghala ufunguke kidogo kila mwaka.

Ongeza joto la juu nyuzi moja tu, kama inavyotokea. Ni robo gramu nyingine kwenye kila lita, mlango umeongezewa komeo. Mwaka 2003 watafiti walichapisha hesabu zao: ukuaji wa ile mimea midogo umepungua kama asilimia 20, na kwa makadirio yao samaki kama asilimia 30. Mwaka 2016 wengine wakachapisha walichokisoma kwenye matope ya sakafu ya ziwa, ambayo hutunza mabaki ya samaki tabaka kwa tabaka: kupungua kulianza kabla uvuvi wa kibiashara haujashika kasi katikati ya karne iliyopita.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu, nilikaa kwenye vikao na kusikia mvuvi akisemwa kama mwizi. Nilinyamaza, na sikufanya vizuri kunyamaza. Kupumzisha ziwa kuna maana, na anayevua kwa chandarua hana utetezi, anamaliza watoto wa samaki. Lakini kumwambia mtu wa Kibirizi kwamba yeye ndiye aliyewamaliza dagaa, wakati moshi unaopasha maji yake umetoka kwenye mabomba ambayo hajawahi kuyaona, huo ni uonevu, tena wa kutojua fizikia ya kidato cha pili.

Haya, kitambaa kimepanda. Nimalizie.

Mimi na yule kijana tumetengeneza chombo: bomba la plastiki, vifuniko viwili vya mpira, na kipande cha chuma kinachoteleza kwenye kamba kuvifyatua vifunge kikifika chini. Kamba ina mita 250, na baba yake ametupa mtumbwi. Tunaondoka Kibirizi Jumamosi saa 12 asubuhi, kabla upepo haujageuka. Kuna nafasi ya watu wanne. Mgeni rasmi, ukipenda ni watatu. Tutayafungua maji hayo ufukweni, na kila mtu atanusa mwenyewe.

Yai hili nalirudisha na mimi nyumbani.